Kila Uvimbe na Jina Lake

Ndugu msikilizaji, majuma mawili yaliyopita nilikwenda msibani. Marehemu alikuwa mtoto wa miaka miwili na miezi minne, mjukuu wa mzee mmoja ambaye hucheza naye bao jioni. Mtoto yule alianza kwa kutapika kila alfajiri kabla hata hajatia kitu tumboni. Akatibiwa malaria mara mbili, na minyoo mara moja. Kisha akaanza kuyumba akitembea, na kichwa akawa anakilaza upande mmoja. Hatimaye akapelekwa hospitali, akapigwa picha ya kichwa, ukaonekana uvimbe ndani ya kisogo. Akapasuliwa. Kinyama kilichotolewa kikatiwa katika chupa ya fomalini na kusafirishwa kwenda kusomwa. Majibu yalirudi baada ya majuma saba, nayo yalikuwa mstari mmoja tu: uvimbe mbaya wa ubongo. Wakati huo mtoto tulikwisha mzika.

Tukiwa tumekaa kwenye mkeka, mzee aliniambia hivi: "Sasa hata kama wangetuandikia jina lake, lingetusaidia nini? Saratani ni saratani." Sikumjibu. Msibani si mahali pa ubishi. Lakini maneno yale hayakunitoka, na nafahamu kwamba si ya mzee yule peke yake. Wako watu wengi, na baadhi yao wamesoma, wanaoamini kuwa saratani ni moja, na ikishaingia kichwani mwa mtoto mdogo hakuna haja ya kuuliza ni ya aina gani. Leo naomba nimjibu mzee wangu kwa adabu, na nitamjibu kwa historia. Mimi si daktari. Ni mtu wa kusoma na kuuliza wanaojua.

Tuanze na neno lenyewe. Katika miaka ya 1860, bingwa wa Kijerumani aliyeitwa Rudolf Virchow alizipa jina la glioma vimbe zinazoota katika nyama ya ubongo. Neno hilo linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi, kwa sababu iliaminiwa kuwa kuna chembe ambazo kazi yake ni kuugandisha ubongo pamoja. Kwa muda mrefu baada ya hapo karibu kila uvimbe wa ubongo uliitwa glioma. Mgonjwa mmoja aliishi miaka kumi, mwingine miezi mitatu, na wote wawili waliandikiwa jina hilo hilo. Ni sawasawa na kumwita kila mnyama wa porini "mnyama", kisha ukashangaa kwa nini swala anakimbia na simba anakujia.

Waliolivunja rundo hilo ni Wamarekani wawili waliofanya kazi pamoja mjini Boston, katika hospitali ya Peter Bent Brigham. Mmoja ni Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo mashuhuri kuliko wote wa wakati wake. Mwingine ni Percival Bailey, kijana wakati huo, aliyekaa na hadubini siku baada ya siku akichungulia vimbe alizozitoa mkubwa wake. Cushing alikuwa na tabia moja ambayo wengine hawakuwa nayo: hakutupa kitu. Kila uvimbe alioutoa aliuhifadhi, na kila mgonjwa alimfuatilia kwa barua mwaka hadi mwaka ili ajue kama yu hai. Kwa hiyo Bailey aliweza kuweka pamoja mambo mawili: sura ya uvimbe chini ya hadubini, na maisha ya mtu aliyekuwa nao.

Mwaka 1925 wawili hao walitangaza habari ya uvimbe uliowapata zaidi watoto, ukiota katikati ya ule ubongo mdogo ulio nyuma, ambao kazi yake ni kutuwezesha kusimama na kutembea bila kuyumba. Chini ya hadubini ulikuwa na chembe ndogo ndogo zilizosongamana kama abiria wa daladala saa ya kutoka kazini, na viini vyake vilinyonya rangi vikawa bluu tupu. Wakauita meduloblastoma. Walidhani umetokana na chembe changa ya ubongo ambayo wao waliiita meduloblasti.

Sasa sikiliza ajabu, ndugu msikilizaji. Chembe hiyo ya meduloblasti hakuna aliyeiona mpaka leo. Ilikuwa dhana yao tu. Jina limesimama juu ya kitu kisichokuwapo. Hata hivyo jina lenyewe lilifanya kazi kubwa, maana kwa mara ya kwanza watoto wenye ugonjwa wa sura moja na mwenendo mmoja waliwekwa katika kundi moja, na waganga wakaweza kuuliza: hawa wanakufa kwa njia gani?

Jibu la kwanza lilikuwa la kuhuzunisha. Mwaka 1930 Cushing aliandika hesabu ya wagonjwa wake 61 wa meduloblastoma. Aliyepita miaka mitatu alikuwa mmoja. Lakini katika hesabu hiyo ya vifo mlikuwa na fununu. Uvimbe ule haukai mahali pamoja. Chembe zake hudondoka ndani ya maji yanayouzunguka ubongo, zikateremka nayo mpaka kwenye uti wa mgongo, zikaota huko. Mpasuaji aliyetoa uvimbe kisogoni alikuwa kama mtu anayeng'oa mche mmoja na huku mbegu zimekwisha mwagika shamba zima.

Fununu hiyo ilifanyiwa kazi Manchester, Uingereza. Mwaka 1953 daktari mwanamke, Edith Paterson, pamoja na mwenzake Farr, walitoa taarifa ya wagonjwa 27 waliopigwa mionzi ubongo mzima pamoja na uti wote wa mgongo, si pale penye kidonda tu. Baada ya miaka mitatu, takriban asilimia 65 walikuwa hai. Kutoka mmoja kati ya 61 mpaka zaidi ya nusu! Msikilizaji, mionzi ilikuwapo tangu enzi za Cushing, na yeye mwenyewe aliitumia. Kilichoongezeka ni kuujua ugonjwa kwa jina na kuijua njia unayopita.

Hapo mtu angesema kazi imekwisha. La hasha. Mionzi ile iliyowaokoa watoto wa miaka minane au kumi iliwaumiza vibaya walio wadogo zaidi. Ubongo wa mtoto aliye chini ya miaka mitatu bado unajengwa. Ukiupiga mionzi unaua uvimbe, na papo hapo unasimamisha ujenzi. Waliopona wengi walidumaa kimo kwa sababu mgongo nao ulikuwa umepigwa, na darasani hawakuweza kufuatana na wenzao. Wazazi walirudishiwa mtoto aliye hai lakini ambaye hataweza kujitegemea. Ndipo waganga wakaanza kujiuliza kama mtoto mchanga anaweza kupewa dawa za saratani kwanza, na mionzi ikacheleweshwa mpaka akue. Mwaka 1993 daktari Patricia Duffner na wenzake wa Marekani walieleza jinsi walivyofanya hivyo kwa watoto 198 wa chini ya miaka mitatu wenye vimbe mbaya za ubongo za aina mbalimbali. Ilidhihirika kuwa kwa baadhi ya watoto inawezekana.

Kwa baadhi. Neno hilo ndilo lililokuwa mzigo. Ni akina nani hao baadhi? Mganga aliye na mtoto wa miezi kumi na minane mbele yake atajuaje kama huyu ni wa kusubiri, au ni wa kupigwa mionzi leo? Hapo ndipo zinapoingia zile aina adimu ambazo kwa miaka mingi zilionekana ni mambo ya watu wa hadubini peke yao.

Aina ya kwanza ilikuwa na historia ya kupotezwa jina. Ilikuwa na nyuzi nyingi ngumu zinazozunguka visiwa vya chembe nyeupe. Mabingwa wa awali walipoziona nyuzi wakadhani si uvimbe wa ubongo kabisa, bali ni saratani ya utando unaoufunika. Mwaka 1964, huko London, Rubinstein na Northfield walionyesha kuwa ni meduloblastoma ile ile iliyovaa vazi jingine. Kisha mwaka 1999 Mwitaliano Felice Giangaspero na wenzake walieleza sura yake ya watoto wachanga, ambayo visiwa vyake ni vingi na vikubwa mno hata katika picha ya kichwa uvimbe unafanana na kichala cha zabibu. Ukiuona kwa mara ya kwanza unatisha. Lakini watoto wale wengi wao walikuwa wanapona.

Ushahidi uliokata shauri ulitoka Ujerumani mwaka 2005. Stefan Rutkowski na wenzake walitoa habari za watoto 43 wa chini ya miaka mitatu waliopasuliwa, kisha wakapewa dawa peke yake bila mionzi. Wale wenye aina ya nyuzi walifanya vizuri kupita wengine kwa mbali. Kwa maneno mengine, mtoto mwenye aina hiyo adimu anaweza kupona na akili yake ikabaki salama, ilimradi mtu awe ameisoma ile nyama na kuitaja ilivyo. Asiposomewa, atapigwa mionzi asiyoihitaji.

Aina ya pili ni kinyume chake. Giangaspero huyo huyo, mwaka 1992, alikuwa ameeleza meduloblastoma chache zenye chembe kubwa kubwa, ambazo zilienea upesi na kuua upesi. Mtoto mwenye aina hii hana nafasi ya kungojewa. Kwa jicho la mzazi watoto hawa wawili ni wamoja: wote wanatapika alfajiri, wote wanayumba, wote wana uvimbe kisogoni. Tofauti yao iko kwenye kipande cha kioo.

Aina ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 1978, Beckwith na Palmer, waliokuwa wakichunguza saratani za figo za watoto huko Marekani, waliona kuwa chache kati yake zina sura ya pekee na zinaua karibu kila mtoto. Baadaye ziliitwa rabdoidi. Katika miaka ya 1980, katika hospitali ya watoto ya Philadelphia, daktari wa patholojia Lucy Rorke alikuwa akisumbuliwa na vimbe za ubongo za watoto wachanga ambazo zilikuja kwake zikiwa na jina la meduloblastoma lakini hazikuwa na tabia zake. Zilipewa dawa za meduloblastoma, zikapuuza. Akatazama tena. Katikati ya chembe ndogo za bluu akaziona nyingine, kubwa, kiini kimesukumwa pembeni, zikifanana na zile za figo. Mwaka 1996 yeye na wenzake wakatangaza habari za watoto 52 wenye ugonjwa huo, na wakaupa nafasi yake wenyewe. Wengi wa watoto wale hawakufikisha mwaka mmoja.

Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1998, watafiti wa taasisi ya Curie mjini Paris walikuta kwamba katika vimbe za rabdoidi jeni moja iliyomo katika kromosomu ya 22 imeharibika. Jeni hiyo kazi yake ni kama breki. Na ilipofika mwaka 2004 ikapatikana rangi ya kuichungulia: chembe nzima huonyesha rangi katika kiini chake, na chembe ya rabdoidi hubaki mtupu. Jambo lililomchukua Rorke miaka ya kuumiza macho sasa mtaalamu huliona kwa siku moja au mbili. Toka hapo watoto hawa wakaanza kupewa matibabu yaliyotungwa kwa ajili yao. Ugonjwa bado ni mkali sana, nisimdanganye mtu. Ila sasa wapo wanaopona, ambapo zamani hawakuwapo.

Najua kuna msikilizaji anayesema: hayo ni ya Boston na Philadelphia, sisi yanatuhusu nini? Basi naomba turudi nyumbani, Mulago, Kampala, mwaka 1957. Mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya zote, kushoto na kulia, juu na chini. Haukupita muda mrefu akamwona mwingine, Jinja. Vimbe za namna hiyo zilikuwa zikionekana Uganda siku zote, lakini zilikuwa na majina chungu nzima, kutegemea kiungo zilichoanzia na nani aliyezisoma. Burkitt aliandika habari zake mwaka 1958, na wataalamu wa patholojia pale Mulago, Jack Davies na Greg O'Conor, wakaonyesha kuwa ni ugonjwa mmoja wa chembe za kinga za damu. Mara ulipojulikana kuwa ni mmoja, Kampala na Nairobi zikaanza kuujaribia dawa, na baadhi ya watoto waliokuwa wakingojewa kufa walipona kwa dozi chache.

Angalia basi mambo hayo mawili. Mulago ugonjwa mmoja ulijificha nyuma ya majina mengi. Boston magonjwa mengi yalijificha nyuma ya jina moja. Kote kuwili watoto walikufa mpaka pale mtu alipolinganisha nyama, jina na maisha ya mgonjwa. Kwa hiyo kazi hii haikuwa ya Wazungu wa mbali peke yake. Ilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki, kwa hadubini za wakati ule, na dunia nzima ikaja kujifunza.

Jambo jingine ambalo ningependa tulikumbuke ni uhifadhi. Kinyama kikishatolewa hugandishwa ndani ya kitofali kidogo cha nta, kikakatwa kwa wembe kuwa vipande vyembamba kuliko karatasi, vikapakwa rangi. Kile kitofali hubaki, nacho kinaweza kukaa makumi ya miaka bila kuharibika. Ilipopatikana rangi mpya mwaka 2004, wataalamu walifungua makabati na kuvisoma upya vitofali vya zamani. Watoto waliokuwa wamekufa siku nyingi wakasahihishiwa majina, na kutokana nao wakafundishika waganga wa watoto walio hai. Hata chupa za Cushing, ambazo kwa miaka zilikaa zimesahauliwa chini ya bweni la wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Yale, zilitolewa na kuwekwa mahali pa heshima mwaka 2010. Kabati la vitofali vya nta ni maktaba, na maktaba haitupwi kwa sababu ya ufinyu wa nafasi.

Sasa narudi kwa mzee wangu. Aliuliza jina lingesaidia nini. Kwa mjukuu wake, kama lingekuja mapema, lingemwambia mganga ampe dawa gani, ampige mionzi au asimpige. Lilichelewa, na simlaumu mtu mmoja kwa hilo. Wanaosoma nyama katika nchi zetu ni wachache, na mmoja wao anaweza kuwa na meza iliyojaa chupa za mikoa mitatu. Tunajenga wodi, tunanunua mashine za picha, tunapiga makofi zinapozinduliwa, na hilo ni jema. Lakini ni nani amewahi kusikia makofi yakipigwa kwa ajili ya chumba cha hadubini? Mtu yule hatumwoni, hatumjui jina, na pengine ndiye anayeamua kama mtoto atapona.

Lakini kuna jambo ambalo mzee hakulijua, na ndilo lililonifanya nitoe mazungumzo haya. Pale msibani nilimwona mama wa marehemu. Ni mjamzito. Vimbe nyingi za ubongo wa watoto hazirithiwi, na hilo lazima niliseme wazi ili nisimtie mtu hofu ya bure. Ila mbili kati ya zile aina adimu nilizozitaja, ile ya kichala cha zabibu na ile ya rabdoidi, kwa baadhi ya watoto hutokana na kasoro aliyozaliwa nayo mtoto, na mara nyingine kasoro hiyo imo kwa mzazi bila yeye kujua. Jina linapojulikana, mtoto anayefuata huweza kuangaliwa tangu siku za kwanza. Na mwenye kasoro ya ile aina ya zabibu akipigwa mionzi, huweza kuotwa na saratani za ngozi pale ilipopita. Kwa hiyo jina la uvimbe wa marehemu bado lina kazi nyumbani kwake, hata baada ya arobaini.

Jumamosi iliyopita nilimwendea mzee. Bao tuliliweka pembeni. Nilimweleza kuwa kitofali cha nta cha mjukuu wake bila shaka bado kipo kwenye kabati, na kwamba familia ina haki ya kuomba kisomwe tena kwa undani zaidi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza waende ofisi gani na wabebe karatasi zipi. Nikamwambia wachukue namba ya upasuaji na ile karatasi yenye mstari mmoja.

Nawe msikilizaji, Mungu apishe mbali, lakini ukiwa na mtoto anayetapika kila alfajiri siku baada ya siku bila homa, anayeyumba kwa mwendo aliokuwa ameuzoea, au mchanga ambaye kichwa chake kinakua kupita kiasi, usikubali malaria ya tatu. Omba apelekwe mbele. Na akishapasuliwa, usiishie kuuliza kama operesheni imekwenda salama. Uliza nyama imepelekwa wapi, majibu yatatoka lini, na yakitoka, uliza jina. Lidai hata kama ni gumu kutamka, uandikiwe kwenye karatasi, na karatasi hiyo uitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.